Kopo la Udongo wa Masereka

Liège, tarehe 9 Juni 2025

Yaya Adalbert,

Kopo la udongo uliobaki kwenye kaburi la Mama limefika. Rafiki yetu Bagalwa alilitoa Goma mpaka Kigali ndani ya begi la nguo zake, akapanda nalo ndege, na jana jioni akanigongea mlango akiwa bado na viatu vya safari. Kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa mpira wa tairi ya moto, zile pikipiki za kazi yako. Nilijua fundo ni lako kabla sijasoma jina. Nilikaa nalo chini nikalia, mpaka Bagalwa akaanza kujitafutia sukari ya chai ndani ya kabati zangu bila kuuliza.

Sijui nikushukuru namna gani. Unajua maisha yao yalivyokuwa: Mama Goma kwa ajili ya shule zetu, Papa kule milimani Masereka na shamba lake ambalo hakuna mutu angemtoa, wanaonana likizo kwa likizo. Ndiyo maana siku ile kwenye simu Mama, sauti imekwisha kabisa, hakuniomba kitu kingine. "Kama hamuwezi kunifikisha Masereka, munitilie udongo wa shamba la baba yenu." Watu wote walisema haiwezekani, barabara imekatwa na vita, hata wafanyabiashara wa viazi wamesimamisha magari. Wewe ukaenda. Nimesikia muzee Onésime alipiga magoti mbele ya mfuko wako, yeye mdogo wa Papa ambaye hata kwenye matanga ya Papa hatukuona chozi lake. Nimejivunia kuwa na kaka kama wewe.

Mimi kutokuja kumzika Mama kunaniuma mpaka leo. Ulinielewa, na Mungu akulipe: karatasi zangu za kukaa hapa zilikuwa zinabadilishwa, ningetoka nisingeingia tena.

Sasa nina ombi. Wakati wa kazi yangu ya mwisho wa masomo, Papa akiwa mzima, nilichota udongo wa shamba lake, naye akanicheka kwamba ninapeleka vumbi Ulaya. Udongo ule ulipita kwenye mashine tunayoiita RMN. Ni sumaku kubwa, imesimama juu kuliko tangi la maji la parokia. Unatia udongo uliosagwa ndani ya kichupa kidogo, sumaku inaushika, kisha mashine inausemesha kwa mawimbi kama ya redio, na kaboni iliyo ndani ya udongo inajibu. Iliyotoka kwenye majani inajibu mahali pake, iliyotoka kwenye mti mahali pake, mafuta pake, makala, yaani makaa, pake. Majibu yanatoka kwenye karatasi yamechorwa kama vilima. Hivyo ndivyo tunavyojua udongo ulikula nini miaka yote. Vilima vya shamba la Papa ninavijua kwa kichwa.

Ninataka kutia kijiko kimoja cha udongo wako. Nitapata vilima vilevile, nami nitabandika karatasi mbili ukutani, moja ya Papa na moja ya Mama. Unikubalie.

Mdogo wako,
Katungu

*

Goma, Ndosho, le 20 Juni 2025

Katungu wa Mama,

Aksanti kwa maneno yako. Sisi tuko, tunapumua. Banki zingali zimefunga, ndege hazitui, lakini moto zinaharibika kila siku, na mimi nauzisha pièces za kuzitengeneza, basi watoto wanakula. Ange, mama ya watoto, anakusalimia. Anasema umekonda kwa picha, eti Wazungu hawakupikii.

Ile safari usinikumbushe. Mpaka muji wa Kiwanja nilipanda gari, kutoka pale moto, kutoka pale tena miguu. Nililala Kanyabayonga kwa mama mumoja wa Legio Maria, alinipa viazi na hakutaka hata aksanti. Masereka niliingia asubuhi. Baridi yetu ile, ukungu umekaa juu ya shamba yote, huoni hata ng'ombe ya jirani. Nilichimba pale pale chini ya muti wa pome, tofaa la Papa, ule alikuwa anatukatazaka kupanda juu. Nilifunga mufuko, nikaomba Salamu Maria, nikageuka. Hakuna mutu aliniuliza kitu.

Lakini ile habari ya mashine, hapana. Ule udongo umesomewa misa, padri ameunyunyizia maji ya baraka, muzee Onésime ameulilia. Si kitu ya kusaga. Weka kopo karibu ya picha ya Mama, washa mushumaa, imetosha. Sijawahi kukukataza kitu tangu uko mutoto. Unisikilize kwa hii moja.

Yaya wako,
Adalbert

*

Liège, tarehe 4 Julai 2025

Yaya,

Barua yako ilinikuta nimeshatia. Unisamehe. Zamu yangu ya mashine ilikuwa Jumatano, na hapa zamu ikikupita unangoja mpaka unasahau ulichokuwa unatafuta. Nilijiambia utakubali, maana kweli hujawahi kuninyima kitu.

Sasa kuna jambo, na sijui nilianzie wapi. Mara ya kwanza udongo ulikataa kujibu, ikatoka kelele tupu. Nikauosha kwa asidi, namna tunavyoosha udongo wenye chuma kingi, kwa sababu chuma kinaisumbua ile sumaku. Nikarudia. Safari hii vilima vikatoka, lakini si vya Papa. Pale mahali pa makala pamesimama kilima kirefu kupita vyote. Na pa mafuta pia pamepanda, mafuta mengi kuliko shamba lolote nililowahi kupima.

Makala, yaya. Unamjua Papa na moto. Alimfukuza Émile, mpwa wake mwenyewe, kwa sababu aliwasha majani makavu kwenye mpaka wa shamba, na hawakusemezana mpaka Papa akafa. Kila jani lililoanguka alilizika kwa jembe. Kwenye karatasi yangu ya zamani, pale pa makala hakuna kitu, ni uwanda.

Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikachota tena kutoka kwenye kopo, nikarudia kazi yote, majibu ni yale yale. Basi nakuuliza kwa upole: kuna mutu alichoma shamba la Papa? Kama ndivyo uniambie, usinifiche kwa kunihurumia.

Katungu

*

Goma, le 11 Julai 2025

Katungu,

Umenikaza, basi nitasema. Walichoma.

Sikutaka kukuumiza, juu ya sababu ulikuwa peke yako kule na kilio cha Mama. Wakati wa mapigano watu walipita pale, wakachoma shamba yote, na nyumba ya Papa pia. Imebaki kuta tu. Muti wa pome umekauka upande mumoja. Ndiyo ile makala mashine yako iliona. Nilikaa kwa jiwe la mulango, pale Papa alikuwa anavulia bottes zake za matope, nikalia sana, kisha nikachimba hivyo hivyo ndani ya majivu.

Muzee Onésime sikumwambia, moyo wake hauko muzuri. Na wewe usimwambie. Hii tuifiche sisi wawili, mpaka Mungu atuletee amani tujenge tena.

Sasa unajua yote. Acha mashine ipumzike.

Adalbert

*

Liège, tarehe 3 Agosti 2025

Adalbert,

Kwa ajili ya nyumba ya Papa nilivaa tena kitenge cha matanga. Sikula vizuri. Wenzangu wa labo walinikuta nimeinamia meza, nikawaeleza kwamba kwetu wamechoma nyumba ya baba yangu, nao wakanichangia maua. Maua yangali hapa yananitazama.

Kisha nikaanza kuwaza ile kelele ya kwanza. Udongo wa Papa haukuhitaji kuoshwa kiasi kile ndipo ujibu. Nilichukua sumaku ndogo, ile ya kubandikia karatasi kwenye frigo, nikaipitisha juu ya kopo lako. Udongo ukanata. Punje nyeusi zikasimama kwenye sumaku kama ndevu. Nikatafuta kile kidogo kilichobaki cha udongo wa Papa, nikapitisha sumaku ile ile. Haikushika kitu.

Wewe umekulia juu ya lava, sina haja ya kukufundisha chuma cha namna hiyo kinatoka wapi. Masereka hakuna volkano. Nyiragongo ya Goma haijawahi kutapika mpaka kwa Papa.

Hata hapo sikutaka kuamini. Nikahangaika mpaka nikapata namba ya katekista Ézéchiel wa Masereka. Alipanda mlima kutafuta rezo ya simu ndipo tukaongea. Alishangaa maswali yangu. Alisema nyumba imesimama, anafungia mbuzi zake mle kwa ruhusa ya muzee Onésime. Shamba halijaona moto. Muti wa pome umezaa, watoto wameumaliza. Nikamuuliza wewe ulifika lini. Alisema hajakuona tangu siku tulipomzika Papa.

Uliniliza kwa nyumba iliyosimama. Ukaniambia tufiche sisi wawili, nikakubali, nikawa ninamhurumia muzee Onésime kila ninapomsikia kwenye simu, nikiona ninambebea mzigo. Na mama wa Kanyabayonga na viazi vyake, huyo pia ulimtunga? Ukungu pia? Nilisoma sehemu ile ya ukungu nikiwa nimefumba macho katikati ya kila sentensi, ili nipaone.

Mama hakuomba sanduku zuri. Hakuomba korali ya kumwimbia. Aliomba kitu kimoja, na wewe ndiye uliyesema, "Niachieni mimi." Nijibu hili tu, mengine sitaki: ni udongo gani ulimwagia juu ya Mama?

Katungu

*

Goma, le 29 Agosti 2025

Katungu,

Nilikaa na barua yako muda murefu. Ange aliisoma kabla yangu, akaiweka juu ya meza, akaenda kulala na watoto. Mpaka leo anaongea na mimi habari ya chumvi na sabuni tu.

Udongo ni wa Mama mwenyewe. Wa bustani yake ya nyuma, hapa Ndosho, pale penye mboga yake ya lengalenga.

Safari nilitoka kweli. Kiwanja nilifika kweli. Pale gari iliyotutangulia ilipigwa njiani, na niliona inarudishwa, wamefunika watu na turubai, miguu inatokea. Shofere wetu akageuza, na mimi nikageuka naye. Niliogopa. Sina namna ingine ya kuiandika. Niliwaza watoto wangu na nikaogopa.

Nilirudi Goma lakini sikufika nyumbani. Nilijificha Murara kwa rafiki. Juu ya nini? Juu ya sababu kwa nyumba korali ilikuwa inangoja, muzee Onésime ametandika kitenge kipya mahali pa kuweka mufuko, watu wa parokia wanasema Adalbert ni mwanaume. Na Mama yuko morgi, nyumba ya maiti, umeme wa morgi unakatika kila siku, huwezi kuwaambia ngojeni kidogo. Ningeingia mikono mitupu namna gani? Basi alfajiri nilipita upande wa ukuta, nikaingia kwa bustani, nikajaza mufuko.

Unajua Mama alitengenezaka ule udongo namna gani. Ile parseli ya nyumba tuliipata jiwe tupu, huwezi kupanda hata kitunguu. Yeye akamwaga majivu ya mbabula, jiko lake la makala, maganda ya ndizi, maji ya kuoshea sahani, na watu wakamcheka, mpaka jiwe likaanza kuzaa lengalenga. Ile kilima yako ya makala ni mbabula yake. Ile mafuta ni sahani tulikulia. Nilijiambia, kama si udongo wa bwana yake, basi uwe wa mikono yake. Ya nyumba kuchomeka, ile ni uongo mubaya, nakubali. Uliniuliza, nikashika neno lililokuwa karibu.

Lakini na wewe, Katungu. Nilikuambia acha. Kitu kilichotoka kwa kaburi la Mama ulikisaga, ukakiosha na asidi. Nasema sawa, ulitaka karatasi ya ukuta. Lakini ile sumaku ya frigo? Na simu kwa Ézéchiel? Siku ile haukuwa tena unapima udongo, ulikuwa unapima mimi.

Na karatasi zako je? Binamu ya Ange, yule wa Brussels, alituonyesha picha. Ile wiki Mama alikuwa morgi, wewe ulikuwa Lisbon, kwa kongamano, umesimama mbele ya bango yako, jina shingoni, meno yote inje. Mutu asiye na karatasi anatokaje inchi na kurudi? Nilimwambia Ange afute ile picha, muzee Onésime asiione. Nilikaa nayo kwa moyo tangu mwezi wa tano, na bado nikakufungia kopo vizuri na mpira. Mimi nilikufichia, wewe ukanichimba.

Adalbert

*

Liège, tarehe 15 Septemba 2025

Adalbert,

Karatasi ilikuwa tayari. Nilikuwa nayo tangu mwezi wa nne. Kongamano lile lilikuwa la kwanza kunikubali, na bango lilikuwa shamba la Papa, jina la Masereka limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilijiambia Mama angenielewa, na kwamba Adalbert yuko. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia hivyo.

Lakini usifunike la kwako kwa langu. Mimi sikuja. Wewe ulikuja na uongo ndani ya mfuko, ukauweka kaburini, na watu wakauimbia. Hayo maneno ya bustani pia usiniletee leo. Ni mazuri, na ndiyo maana yananikasirisha. Kama uliyaamini, ungeyasema mbele ya sanduku. Ungesema, "Barabara ilinishinda, nimechota kwake." Muzee Onésime angekulilia vilevile. Uliyaweka akiba mpaka nilipokukamata.

Ninakutumia kichupa. Bagalwa anarudi nyumbani, atakupa mkononi. Ndani ni udongo wa Papa, ule nilioutoa Masereka akinicheka. Ndio wote uliobaki kwenye sanduku la labo, hakuna mwingine. Umpelekee Mama. Umwage mbele ya muzee Onésime, na upige picha, mikono yako na msalaba wa Mama vionekane pamoja.

Ninasema picha kwa sababu neno lako halinitoshi tena. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni lava ilipoingia mujini, ukaniambia nisigeuke nyuma, na sikugeuka kwa sababu ulisema. Ninaandika haya nikikumbuka hilo, na bado nataka picha.

Katungu

*

Goma, le 6 Oktoba 2025

Katungu,

Kichupa kimefika. Bagalwa alinipa, hata hakukubali kiti. Ni kidogo sana, ninakifunika na kidole.

Jumapili nyuma ya misa nilimwita muzee Onésime kwa nyumba, nikamwambia yote. Kiwanja, Murara, bustani, na nyumba ya mukubwa wake ambayo mimi niliichoma na mudomo. Ya Lisbon sikumwambia, ile ni yako. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama siku ile alipopiga magoti mimi nilikuwa nasimama wapi. Nikamwambia nyuma yake. Akavaa kofia, akamwambia Ange aksanti kwa chai ambayo hakuigusa, akatoka. Sasa tukikutana kanisani anasalimia watoto.

Nilienda makaburini peke yangu na kichupa. Lengalenga imeota juu ya Mama, sijui kama ulijua hiyo, mbegu zilikuwa ndani ya mufuko. Ange ananiambia niing'oe, mimi naiacha. Nilifungua kizibo. Kisha nikakifunga tena.

Nikimwaga na kukuandikia kwamba nimemwaga, utasema Adalbert ni muongo. Nikipiga picha, utaangalia mikono yangu na msalaba wa Mama, na utajiuliza kama ni udongo wa Papa au nimebadilisha njiani. Utamwomba Bagalwa akuletee kopo lingine. Sikulaumu. Kama ningekuwa wewe, na mimi ningeuliza.

Basi sikumwaga. Kiko juu ya kabati ya Mama, karibu ya rozari yake, na watoto wameambiwa wasikiguse. Pale mupaka wa Gisenyi watu wanapita kila siku, na Kigali si mbali. Mimi sitamwagia Mama mara ya pili kitu ambacho mutoto wake hataamini.

Uje umwage wewe mwenyewe. Karatasi unayo.

Adalbert